Mgongo wa Kabati

Siku Nelima alipofungua kabati la nguo akaona ukuta wa nyumba, alijua mumewe ameshapotea. Hakupiga nduru. Aliingiza mkono katikati ya marinda yake mawili ya kanisa, akagusa saruji baridi, kisha akageuka kumwangalia Kituyi, aliyekuwa mezani na msumeno mdogo na kikopo cha rangi.

"Baba Nafula, mgongo wa kabati uko wapi?"

Kituyi alikuwa na majibu matatu, yote ya kijinga, akachagua lile la kijinga kushinda mengine. "Si huu hapa," alisema, akiinua kipande cha hadibodi alichokwisha kukipaka kijani. "Hapa ni Ziwa, unaona? Hapa ni Chepsaita, hapa Turbo, na hapa chini ndiyo Eldoret. Umetoka vizuri, ama?"

Kabati lenyewe halikuwa kabati hivi hivi. Mama yake Nelima, mchuuzi wa maharagwe soko la Ziwa, alilichongesha kwa fundi mwaka walipooana, na likaletwa Eldoret mjini juu ya trekta, akina mama wakiliimbia njia nzima. Kula kabati la namna hiyo ni kumla mama mkwe mwenyewe. Na Kituyi alikuwa amelila kimya kimya, kuanzia nyuma, kama mchwa.

Nelima alimfunga mtoto mgongoni, akatia nguo kwenye kikapu, na juu ya nguo akaweka boksi moja la ule mchezo wa mumewe lililokuwa tayari. "Hii napelekea mama," alisema. "Aone zawadi yake imekuwa nini." Akaenda zake.

Sasa usifikiri Kituyi alikuwa mlevi au mvivu, la hasha. Mpaka Januari ya mwaka huo wa themanini na tano alikuwa karani wa mizani katika stoo ya msagaji mmoja wa mahindi, kazi ya shati jeupe na kalamu mfukoni. Lakini mwaka wa njaa uliotangulia, ule wa mahindi ya njano ya msaada, alikuwa amekaa mizanini miezi na miezi bila gunia la kupima, na mtu asiye na la kupima huanza kupima mambo kichwani. Ndipo alipovumbua Magunia.

Magunia ulikuwa mchezo wa watu wawili. Kila mchezaji ana shamba Ziwa, magunia kumi na mawili ya vifuniko vya soda, na lori moja, nalo kifuniko tu, linalobeba manne kwa safari. Kazi yako ni kuyafikisha Eldoret kabla mvua haijafunga barabara, na mvua inakuja siku ya thelathini, haichelewi wala haiongwi. Barabara ziko mbili: ya mkato, inayopita darajani, ambapo lori halivuki na zaidi ya gunia moja, na ya mzunguko kupitia Chepsaita na Turbo, ambayo ni tope mwanzo hadi mwisho. Mahali lori limesimama, lingine halipiti. Dadu hakuna. Bahati hakuna. Ukishindwa, umeshindwa na akili za mwenzako, basi.

Na hapo ndipo biashara ilipokuwa inafia.

"Kituyi, wewe ni mtu mzuri," Thuo alikuwa akimwambia kila Jumatatu. Thuo alikuwa na duka la vifaa karibu na stendi, na alikubali kuweka Magunia kwenye rafu kati ya misumari na dawa ya kupe. "Lakini watu wa hapa wananunua kitu cha kula, kitu cha kupanda, na kitu cha kupigilia. Hii yako ni ya nini?"

"Ya kufikiria."

"Ngai! Mtu alipe ndiyo afikirie? Na kufikiria anafanya bure nyumbani, usingizi unakataa?"

Tena Kituyi hakuwa peke yake sokoni. Pale nje ya duka alikaa Ondiek, fundi mwenye mdomo, aliyegonga misumari ishirini na miwili kwenye ubao, akaiita timu mbili za mpira, na watu wakawa wanapiga sarafu na kidole huku wakilia goli. Za Ondiek zilikuwa zinaisha kila Ijumaa. "Ndugu yangu," Ondiek alimwambia akimpigapiga begani, "weka kelele kwa hiyo kitu yako. Mtu hawezi kununua mchezo ambao mkicheza mnakaa kama watu wa matanga." Na wasiotaka misumari walikuwa na drafti, ambayo mtu anaichora kwa chaki kwenye benchi na kuicheza mpaka jua litue bila kulipa mtu yeyote.

Hata jina moja mchezoni lilimletea taabu. Hapo mwanzo aliyeshinda aliitwa Mwenyekiti. Thuo alisoma maelezo kwenye kifuniko cha boksi, akaangalia picha ya Rais iliyotundikwa juu ya kaunta yake kama kila duka la Kenya, akaangalia mlangoni, kisha akamrudishia boksi kwa ncha za vidole. "Futa. Mwenyekiti tunaye tayari." Kituyi akafuta, mshindi akawa Mwenye Stoo.

Kwa hiyo hesabu ya miezi minane ilikuwa hivi: maboksi arobaini yametengenezwa, matatu yamenunuliwa. La kwanza lilinunuliwa na mwalimu wa chuo cha Chepkoilel, la pili na mtu aliyedhani ni ramani, na la tatu Kituyi hakutaka kuulizwa habari zake, kwa sababu alilinunua yeye mwenyewe ili Thuo asife moyo.

Nelima alipokuwa na wiki sita kwa mama yake, Kituyi alishaanza kuongea na sufuria. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Alimkosa mtoto, alimkosa mke, alikosa hata kule kugombezwa. Mara mbili alishika njia ya kwenda kuomba kazi ya mizani tena, na mara mbili akarudi, kwa sababu aliuamini mchezo wake kama watu wengine wanavyoamini dawa ya mganga.

Ndipo Thuo aliporudi kutoka soko la Ziwa siku moja, macho yamemtoka.

"Wewe! Kumbe hii mchezo yako inachezwa!"

"Wapi?"

"Ziwa, sokoni. Kuna mama wa maharagwe anakaa juu ya gunia, ubao uko mbele yake, na watu wamepanga laini kama ng'ombe wa kuogeshwa dipu. Anachapa kila mtu! Mwalimu amechapwa, dereva wa trekta amechapwa, katekista amechapwa mpaka akasahau ibada. Na unajua anafanya nini? Anavusha magunia matatu tu. Matatu! Halafu anaegesha lori darajani, anatoa sindano, anafuma kitambaa. Huwezi kupita. Unazunguka, unahema, mvua inanyesha, umekwisha. Tatu kwa sufuri."

Kituyi alishikilia kaunta. Mambo mawili yalimwingia kwa pamoja. La kwanza, yule mama alikuwa Nasambu, mama mkwe wake. La pili lilimuuma zaidi: mchezo wake ulikuwa na tundu, na yeye, mwenye kuutengeneza, hakuwa ameliona.

"Na maboksi niliyopeleka duka la Ziwa?" aliuliza.

"Yako vile vile. Nani anunue? Watu wanasema mchezo una mwenyewe. Mtu hawezi kulipa ili akaaibishwe na mama wa maharagwe."

Kesho yake Kituyi alipanda kwenda Ziwa. Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo hutaelewa taabu ya mtu huyu. Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali meza moja, hawakai wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja anakata kona hata kama kona haipo. Ni heshima, si chuki. Kwa hiyo Kituyi hakwenda sokoni kumkabili. Alisimama nje ya ua, chini ya mti wa mparachichi, akakohoa kikohozi cha mkwe, akangoja.

Nelima alitoka na mtoto kiunoni. Alikuwa amenenepa, na hilo nalo lilimuuma.

"Umekuja kufuata mke au kufuata daraja?" alimwuliza.

"Mke," Kituyi alisema haraka. Halafu, kwa kuwa hakuzoea kumdanganya, akaongeza, "Na daraja kidogo."

Nelima alitaka kucheka akajizuia. Akaingia ndani, akakaa huko kwa muda wa kuchemsha chai, akarudi na maneno ya mama yake, ameyashika moja moja.

"Mama anasema hivi. Anataka kujua kama mtu aliyekula kabati lake ni mjinga au ana kitu kichwani. Mcheze. Ukimshinda, mimi narudi kwangu na wewe uendelee na mbao zako, hatakusumbua tena. Akikushinda, mbao zote zilizobaki zinapigiliwa zirudi kuwa mgongo wa kabati, na wewe unarudi mizanini. Mimi nitakuja siku nitakapoona shati jeupe."

"Tutachezaje na hatuwezi kukaa pamoja?"

"Amefikiria. Wewe unakaa nyuma ya jikoni na ubao wako, yeye ndani na wake. Mimi nabeba maneno. Na watu hawatakiwi. Mambo ya wakwe si ya sokoni."

"Nipe wiki moja," Kituyi alisema.

Wiki hiyo hakupaka rangi ubao hata mmoja. Aliweka Magunia mezani, akaegesha kifuniko cha soda darajani, akakitazama. Alikitazama akila, akakitazama akinyoa ndevu. Ukweli ni kwamba ile barabara ya mzunguko aliichora kwa urembo tu, kwa sababu ubao ulibaki wazi upande ule. Hakuna mtu aliyewahi kuimaliza kabla ya mvua. Siku ya tano aliihesabu kwa kidole, nyumba moja moja za ubaoni, kila nyumba siku moja. Siku ishirini na nane! Ukijaza lori magunia manne siku ya kwanza kabisa, ukashika njia ya Chepsaita bila kugeuka nyuma, unaingia Eldoret siku ya ishirini na nane. Manne kwa matatu. Alitoka nje akamwambia Ondiek, aliyekuwa anapita na mbao zake za misumari, "Nimempata mama mkwe!" Ondiek akamwangalia kwa huruma akasema pole.

Siku ya mchezo, Kituyi alivaa koti. Alikalishwa kwenye kigoda nyuma ya jikoni, ukuta wa udongo mgongoni mwake, na upande wa pili wa ukuta huo huo, mgongo kwa mgongo naye, alikaa Mama Nasambu na gunia lake la maharagwe na sindano yake ya kufumia. Posho mili ya jirani ilikuwa inanguruma ikisaga mahindi, kwa hiyo hata mtu angepiga kelele asingesikika. Nelima alisimama pembeni ya jikoni na Nafula mgongoni, akawa anakwenda huku, anarudi kule.

Ubao wa Mama Nasambu ndio ule uliokwenda na kikapu. Kabla ya kuanza, Nelima alileta ujumbe. "Mama anasema nyuma ya ubao wake kuna maandishi ya fundi: Mali ya Nasambu, Ziwa. Anasema anakushukuru kwa kutoyapaka rangi."

Kituyi alijikunja ndani ya koti.

Wakaanza. Kituyi alijaza lori manne akashika njia ya Chepsaita. Nelima akapeleka neno, akarudi. "Mama amevuka na gunia la kwanza."

Siku ya tano, ya nane, ya kumi. Mama Nasambu alivusha la pili, akavusha la tatu. Siku ya kumi na mbili Nelima akaja akasema, "Ameegesha lori darajani. Ametoa sindano."

"Aha!" Kituyi alisema. Akasogeza lori lake kwenye tope.

Ilifika siku ya ishirini. Nelima aliingia ndani, akakawia kidogo kuliko kawaida. Alipotoka, alikuwa anambembeleza mtoto ambaye hakuwa analia.

"Mama anasemaje?"

"Amekaa tu."

"Bado yuko darajani?"

"Si nimekwambia amekaa tu? Sogeza."

Akasogeza. Siku ya ishirini na tatu, amekaa tu. Ya ishirini na tano, amekaa tu. Kituyi alikuwa anatoka jasho kama mtu anayesukuma lori la kweli. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Siku ya ishirini na nane alichukua kile kifuniko kwa vidole viwili, akakiweka ndani ya Eldoret, akakishikilia pale kana kwamba kingetoroka.

"Mwambie," alisema. "Mwambie mama manne yameingia. Manne kwa matatu."

Nelima alimwaga vifuniko vyake kwenye mfuko, akautia ubao kwapani, akaenda. Safari hii alikawia hasa, mpaka posho mili ikanyamaza, na katika ule unyamavu Kituyi akasikia mama mkwe wake akicheka nyuma ya ukuta. Kilikuwa kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba.

Nelima alitoka na kikapu chake kimejaa, na mbao zote mbili zimeshafungwa kwa kamba ya katani, vifuniko vyote vimemwagwa pamoja kwenye mfuko mmoja.

"Twende nyumbani," alisema.

"Amekubali?"

"Amekubali. Twende kabla hajabadilisha nia."

"Na anacheka nini?"

"Si kila mtu analia akishindwa, Baba Nafula. Beba mtoto."

Basi jamani, furaha ya Kituyi uliza tu. Alirudi mjini na mke, na mtoto, na mchezo wake, na ushindi. Alitembea stendi kifua mbele. Tatizo lilikuwa moja: hakuweza kumwambia mtu, maana nani anajisifu kuwa amempiga mama mkwe? Adabu ilimziba mdomo, akabaki na ushindi wake tumboni kama mtu aliyemeza yai zima.

Halafu maboksi yakaanza kuisha.

Kwanza duka la Ziwa liliagiza sita, likaagiza kumi. Kisha Thuo mwenyewe akamtumia mtu nyumbani asubuhi na mapema. Na ajabu ni kwamba watu walikuwa hawanunui moja. Walinunua mawili mawili. Majirani waliokosana kwa ajili ya mpaka walinunua mawili, wakawa wanacheza kupitia kwenye ua. Wakwe walinunua mawili. Mzee mmoja alinunua mawili acheze na kasisi aliyemkatalia ushirika. Kituyi alipaka rangi mpaka kucha zikawa kijani, na hadibodi sasa aliinunua kwa fundi, kama mtu mwenye heshima zake. Ondiek aliacha misumari, akaja kuomba kazi ya kukata.

"Unaona?" Kituyi alimwambia Thuo, akiegemea kaunta. "Nilikuambia watu watapenda kufikiria."

Thuo alitikisa kichwa. "Kufikiria? Kituyi, watu hawanunui kufikiria. Wananunua ile stori."

"Stori gani?"

"Ya mama mkwe wako! Kwani wewe huambiwi? Ziwa nzima inajua. Kila soko anaisimulia, mpaka watu wanashika mbavu. Vile mwenye kutengeneza mchezo, na koti lake, alikuja na ujanja wa Chepsaita, na mama akamnyoa bila maji. Kila mtu anataka kuona kama yeye pia anaweza kumshinda mwenye akili."

Kituyi hakumbuki alivyofika nyumbani. Alimkuta Nelima anakoroga uji wa mtoto, akasimama mlangoni anahema.

"Mama yako ni mwongo!"

"Karibu nyumbani," Nelima alisema.

"Mambo ya wakwe si ya sokoni, na yeye anatangaza sokoni kwamba alinishinda! Mimi! Manne kwa matatu, Nelima, na wewe ulikuwa pale! Naenda Ziwa sasa hivi. Nitasimama katikati ya soko niseme ukweli, heshima au si heshima."

Nelima alitoa sufuria motoni. Alikaa. "Kaa kwanza, nikupe huo ukweli wa kwenda kusema."

Sauti yake ndiyo iliyomkalisha.

"Siku ya ishirini," alisema, "mama aliondoa lori darajani. Alikuwa ameshakujua. Aliniambia, 'Huyu mtoto anakwenda mzunguko,' akalipitisha Eldoret, akaliingiza kwenye ile njia ya tope, likakutana na lako pale Turbo, likasimama. Ulikuwa umekwisha, Baba Nafula. Ungekaa nyuma yake mpaka mvua. Mimi nikakuambia amekaa tu. Na yeye nikamwambia wewe umekaa tu nyuma ya lori lake. Siku nane nilimwambia kila mmoja mwenzake amekaa tu."

Kituyi aliliona lile lori la Turbo waziwazi, kifuniko cha soda chenye kutu kimekaa katikati ya njia. Hakika lingemziba. Hakuwa amelifikiria hata kidogo.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu nakujua. Ungejua umeshindwa ungezichoma mbao zote, ungerudi mizanini, ungekaa na shati jeupe na uso mrefu miaka thelathini, na mimi ndiye ningeutazama huo uso. Nilikuwa nataka kurudi nyumbani kwangu. Kwa mtu ninayemjua, si kwa shati."

"Na mama? Kama alishinda, alikuachaje uje?"

Hapo Nelima aliinamisha kichwa kidogo, kwa mara ya kwanza akaona haya. "Nilimpelekea maneno yako. Nilimwambia umekubali kushindwa. Nilimwambia hukubisha wala hukununa. Ulisema tu, 'Mama ni mchezaji, na kabati nitalitengeneza.' Alicheka sana, halafu akasema mwanamume anayejua kushindwa hivyo anaweza kuachiwa mchezo wake. Akasema niende."

"Mimi sikusema hivyo."

"Najua hukusema."

Uji ulianza kuganda juu. Kituyi aliona aibu, halafu akaona hasira, halafu vyote vikampita akabaki na jambo moja dogo lililomsumbua. Mtu wa kuficha lori siku nane kwenye mbao mbili, na kila upande usishtuke, si mbeba maneno. Huyo ni mchezaji kuwashinda wote.

"Tangu lini unajua kuucheza?" aliuliza.

"Tangu boksi la kwanza. Wewe hukuwahi kuniuliza."

Jumatatu iliyofuata, kabati likiwa limeshapigiliwa mgongo mpya, walikuwa wote wawili dukani kwa Thuo, wakipanga maboksi mapya, wakati mkulima mmoja wa maziwa kutoka upande wa Ziwa alipoingia, mrefu, amevaa buti. Jina lake Kipngetich. Alichukua Magunia, akaligeuzageuza, akamtazama Kituyi kuanzia viatuni.

"Wewe ndiye yule?"

"Yule gani?"

"Wa mama mkwe. Nataka mbili, yangu na ya baba mkwe wangu. Lakini nataka kuambiwa na wewe mwenyewe. Nimesikia watu wakisema ni stori tu ya kuuza, mama hakukushinda chochote. Kama ni uongo sichukui."

Thuo aliacha kupima misumari. Nelima alijifanya anakaza fundo la kanga iliyomshika mtoto, na Kituyi aliona shingo yake imekakamaa.

Kituyi akameza. Lile yai lilishuka hatimaye.

"Si uongo," alisema. "Nilikuja na ujanja wangu, nikazunguka Chepsaita, na alinifunga Turbo kama ng'ombe. Mama ni mchezaji. Na kabati nimelitengeneza."

Kipngetich alicheka mpaka akashika kaunta, akatoa pesa. Nelima alichukua kamba ya katani, akaanza kufunga maboksi mawili pamoja.

"Sasa," Kipngetich alisema akipangusa macho, "na maneno atakuwa anabeba nani?"

Kituyi alimtazama mkewe.

"Tafuta mtu anayewapenda nyinyi wote wawili," alisema. "Na mkimaliza, msilinganishe mbao."